Kuku Mweupe na Kipima-Mwanga

Jumanne, 1 Julai 1952
Jambo hili sijamwambia mtu. Sijui kutumia kipima-mwanga. Mjomba Severini alinionyesha mara mbili, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nilitaka kusema hapana. Nikaitikia kwa kichwa. Leo amepanda lori kwenda Lindi kununua dawa za kusafishia picha. Ameniachia kamera yake ndogo, zimebaki picha tatu. Akija mteja, nimpige. Nikiharibu, narudi Mkotokuyana kwa Shangazi Albina kuamia ndege kwenye mtama. Nimemaliza shule kwa ajili ya ndege!

Kidude chenyewe ni kama kikopo cha ugoro, kina sindano ndani. Sindano ikionyesha namba kubwa, mwanga ni mwingi, unabana jicho la kamera. Ikionyesha ndogo, unalifungua. Rahisi. Nimemwelekezea kuku mweupe uani: tisa. Nimeelekezea chungu: tatu. Ua ni ule ule, jua ni lile lile! Nimeamua kumwamini kuku. Chungu kina masizi.

Jumatano, 2 Julai
Mteja! Bibi Mwanabibi wa Narung'ombe, amefikia kwa binti yake hapa Nachingwea. Mwanawe Shaban yuko Tanga kwenye mkonge, mwaka wa sita sasa. Ameandika kwamba sura ya mama yake imeanza kumpotea. Bibi amevaa kaniki mpya, akaketi wima kama yuko barazani kwa hakimu. Nikamkamata kuku, nikapima. Tisa. Nikabana jicho, nikapiga.

Sofia, niliyesoma naye, anajifunza cherehani kibarazani kwa jirani. Akapaza sauti: "Jamani, Marselina anampiga picha kuku! Ataituma kwa jogoo gani?"

Jioni nimeingiwa na wasiwasi. Bibi hana manyoya.

Alhamisi, 3 Julai
Nimemwomba Bibi arudi. Nimemwambia ile ya jana ilikuwa ya kuizoesha kamera. Akasema, "Haya, mjukuu wangu, hata mimi nilikuwa sijazoea." Leo nimepima chungu. Tatu. Nikafungua jicho lote. Sofia akauliza kama kesho ni zamu ya kinu. Jibu zuri sana lilinijia baadaye, nikiwa kisimani peke yangu.

Ijumaa, 4 Julai
Sijui nani mkweli, kuku au chungu, nimemwita Bibi tena. Imebaki picha moja. Moja! Chungu kiko motoni, Mama Teofili, mke wa Mjomba, ameinjika kunde. Basi ni kuku. Lakini kuku ametoka kugaagaa jikoni kwenye majivu, mwili mzima wa kijivu. Aibu gani mbele ya mteja! Bibi alikwisha kuketi, hapakuwa na nafasi ya kumpangusa. Sindano ikasimama sita. Sita? Nadhani kuku amechoka. Nikaweka jicho katikati. Kuku akaniponyoka, akamrukia Bibi mapajani. Bibi akacheka. Nikapiga.

Jumapili, 6 Julai
Mjomba alirudi jana, leo amesafisha picha. Ya kwanza: Bibi amezama gizani pamoja na kiti na ukuta. Ya pili: kila kitu unga mtupu, Bibi hana hata pua. Mjomba akaanza kuuliza mtama wa Shangazi Albina umefikia wapi. Kisha akaitazama ya tatu. Akaisogeza dirishani. Bibi anacheka, kila kunjo la uso liko mahali pake, hata mikunjo ya kaniki inahesabika.

Bibi alikuja, akaishika kwa ncha za vidole. Akasema, "Shaban ataniona." Halafu akanishika kichwa, na mimi nikatazama miguu yangu.

Mjomba akauliza hiyo ya tatu niliipimaje. Nikachukua ndoo, nikaenda kisimani. Akadhani ni unyenyekevu. Alhamisi ananichukua kwenda Ruangwa kwenye harusi ya mteja wake, Sabaha, nipime mwanga mwenyewe. Nikikosea, ni ndege.

Lakini sikosei tena. Nimeelewa. Kuku ndiye kipimo chenyewe! Jumatano alikuwa hajanizoea tu. Na kama Ijumaa ametoa picha ile akiwa mchafu vile, je, akiwa safi? Nimeficha kipande cha sabuni. Siku moja kabla ya safari namwogesha mpaka ang'ae, kisha namtia kwenye tenga, twende naye.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali, Mjomba asijue. Wala Sofia. Hasa Sofia.