Sato Aliyebana Mdomo

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbovu! Afisa wa uvuvi, ambaye sote tunamwita Bwana Samaki, amekuja gatini kwangu asubuhi na rula yake ndefu. Anasema samaki wa ziwa hili wanakwisha. Nyavu za macho madogo zimekomba hadi vifaranga. Wiki hii anahesabu: kila samaki atakayenaswa kwa ndoano aletwe kwake, apimwe, avishwe hereni nyekundu kwenye pezi, kisha arudishwe majini. Asipoona samaki wakubwa kufikia Jumapili, uvuvi wa ndoano unafungwa mwaka mzima. Na mimi naishi kwa kukodisha mashua kwa wageni wa ndoano!

Mama watoto hakupoteza muda. Alimpigia simu kaka yake mwenye duka la magodoro. Shemeji amesema kazi ipo: nitakuwa nalala dirishani mwa duka kuonyesha wateja jinsi godoro linavyobonyea. Mimi! Mtu mzima, na soksi!

Haiwezekani. Nina mpango. Chini ya gati, nyuma ya matete, nimezungushia nguzo na wavu mzito. Humo nimeficha sato wawili wanene, dume na jike, tangu mwezi uliopita. Nilijiwekea akiba kwa siku mbaya, na siku mbaya ndiyo hii.

Jumanne, 4 Machi

Mgeni wangu wa wiki ni daktari wa meno. Mpole kupita kiasi. Huja kila mwaka, na mwaka jana aliondoka mikono mitupu, akanishukuru. Leo nimemketisha kwenye pembe ya gati, nikamwambia bahati yote ya ziwa iko pale. Kisha nikaomba radhi: tumbo. Nikazunguka nyuma, nikaingia majini hadi shingoni, nikamkamata dume, nikamtundika kwenye ndoano ya daktari. Nikaivuta kamba kwa nguvu.

Kelele zilizofuata! Daktari aliruka kama mtoto. Bwana Samaki akampima samaki, akamvisha hereni, akasema huyu ni wa maana. Nikajitolea kumrudisha majini mwenyewe. Nikamrudisha kweli. Ndani ya wavu wangu.

Jike tu ndiye anayenitia wasiwasi. Hali kitu. Nimempa pumba, nimempa minyoo minono, amebana mdomo. Ananinunia kama mama watoto siku ile nilipouza kabati lake.

Jumatano, 5 Machi

Dume tena. Hereni niliing'oa kwa koleo. Daktari akaruka tena, Bwana Samaki akapima tena. Urefu uleule. Akalitazama tundu la kwenye pezi, akalitazama sana. Nikamweleza kwamba sato wa huku ni ukoo mmoja, wanafanana mno. Akalipima na tundu.

Jirani yangu Bingwa hakukosa la kusema. (Alishinda kombe la uvuvi zamani, na bado analitembeza kama mtoto mchanga.) Aliuliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwa nini samaki wa gati hili huuma pale tu mwenyewe anapokwenda chooni. Na kwa nini mwenyewe hurudi amelowa. Nikasema bomba limepasuka. Daktari, maskini, akaniandikia namba ya mwenzake anayetibu matumbo. Wema wake unanichoma moyo kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba! Dume ameniponyoka mkononi, ameyeyuka ziwani. Daktari alikaa gatini kutwa nzima, hakuguswa hata na dagaa. Nyumbani nikakuta shati langu jeupe limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. La magodoro.

Jioni nilikaa peke yangu gatini. Nilipokuwa mdogo, saa hizi maji haya yalikuwa yanachemka kwa samaki. Ungesikia mikia yao ukiwa jikoni. Leo kimya, ni mawimbi tu na chupa ya plastiki. Nimesikia huzuni, sitaficha. Bila samaki hili si ziwa, ni beseni la kufulia. Kesho ni zamu ya jike, apende asipende.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike yote kabla sijalala.

Tumbo kama kawaida. Nikaingia majini, nikamshika jike. Kufungua mdomo, amegoma. Nikambembeleza, nikamtekenya, wapi! Juu ya kichwa changu nikamsikia Bwana Samaki akimwambia daktari kwamba leo yeye mwenyewe atasimama hapa hadi kieleweke. Mfa maji haishi kutapatapa. Nikaifunga kamba mkiani.

Samaki akapanda gatini kinyumenyume.

Bingwa akaanza kucheka hadi akakaa chini. Nikatoka chini ya gati na majani kichwani, nikaanza kueleza kwamba wapo samaki wanaopenda kuogelea hivyo. Hakuna aliyenisikiliza. Daktari alikuwa tayari amemweka jike kwenye beseni la maji, anamchungulia mdomo. Akasema ana wagonjwa wadogo wanaobana meno vivi hivi, na kila mara huwa wameficha kitu. Akaweka kidole gumba kwenye pembe ya taya, akabonyeza taratibu, kama anavyofanya kazini kwake.

Mdomo ukafunguka. Wakamwagika vifaranga! Wadogo kama punje za ufuta, wenye macho, wengi hata huwezi kuwahesabu. Wakazunguka beseni mara moja, wakashtuka, wakakimbilia wote ndani ya mdomo wa mama yao. Naye akaubana tena.

Bwana Samaki alivua kofia. Akasema jike wa sato hulea watoto mdomoni, na akiwabeba hatii kitu tumboni. Na mimi nilikuwa namlazimisha mzazi ale minyoo! Akasema sehemu hii ya ziwa hajaona jike aliyebeba kwa muda mrefu. Mimi nililia. Bingwa anasema nililia kwa sauti. Mwongo, yalikuwa maji ya ziwa.

Kisha nikaulizwa jike huyu alikuwa wapi. Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikawaonyesha. Bwana Samaki akaingia majini na sare yake. Akamrudisha jike kwa mikono miwili, kisha akaita. Nje ya wavu wangu, katikati ya matete, pale ambapo nguzo zangu zimezuia nyavu za watu kupita, kulikuwa na vifaranga wengine. Makundi kwa makundi!

Jumamosi, 8 Machi

Hukumu. Samaki wangu wa Jumanne na Jumatano wamefutwa, nikakumbushwa mbele ya watu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini ziwa halifungwi! Ghuba hii ndogo penye gati langu ndiyo itakayopumzishwa: nguzo kama zangu zitazungushwa kote, nyavu marufuku, ndoano marufuku, samaki wazae kwa raha zao. Kwingineko wageni wataendelea kuvua na kurudisha. Walinzi wa ghuba ni wawili: mimi na Bingwa. Filimbi amepewa Bingwa. Hilo limeniuma.

Daktari amenisamehe. Ameahidi kurudi mwaka ujao kuwaona watoto, anawaita wagonjwa wake.

Mama watoto amempigia kaka yake kumwambia asinisubiri. Shati limerudi sandukuni. Akaniambia nikumbuke jambo moja: mama akibana mdomo, ujue ana lake.

Jumapili, 9 Machi

Alfajiri nimesikia mkia ukipiga maji. Mmoja tu, lakini nimeusikia kutoka jikoni. Nimefurahi ajabu.

Na nimejifunza. Uongo haulipi. Sitamdanganya tena mtu yeyote kwa kutumia samaki aliye hai.

Mchana nilikwenda kumshukuru shemeji, na kwa bahati ana mabaki mengi ya sponji. Nimerudi nayo yote. Nakata samaki mrefu kama kitanda. Ataelea nje ya ghuba, mgongo tu juu, wageni wamwone kwa mbali, mashua zangu zigombaniwe. Huyu hali, hazai, hanuni.

Mama watoto ameingia akauliza sponji ya nini. Nikasema nashona mto wa kulalia. Ameutazama mkia. Ameyatazama mapezi. Amebana mdomo.

Vizuri. Basi hana neno.