Mwalimu Mwenye Magurudumu Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Mimi ndiye mwanafunzi hodari kuliko wote waliopita mikononi mwa Mwalimu wetu wa Kiingereza. Haya, uongo. Nilikuwa wa pili. Kutoka mwisho. Sasa chama cha walimu wa Kiingereza kinataka kumpa tuzo, ila kwanza wanafunzi wa zamani wamsifie mbele ya kamati, kwa Kiingereza. Atakayewika ndiye atakayemvisha nishani jukwaani. Mwalimu aliapa sitafika popote. Lazima anione jukwaani! Nimejiandikisha. Shemeji kinyozi naye kajiandikisha. Yule aliyekuwa wa mwisho!

Jumatano, 5 Machi
Tatizo dogo: Kiingereza kimeniishia. Imebaki insha moja tu, ya baiskeli yetu, aliyotukaririsha mpaka tukaiota. Nikapata akili. Penye baiskeli natia mwalimu. Nani atajua? Nimefanya mazoezi karakanani huku nikiziba pancha. Mke wangu, aliyesoma nasi, kasema nitaumbuka. Wivu!
Shemeji kaja kuazima tai. Kaapa atanilipa kwa kuninyoa ndevu. Nimempa yenye doa la grisi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Shemeji katangulia. Kakohoa, kaitangazia kamati kwamba Mwalimu wake ana magurudumu mawili na kengele, na baba humpaka mafuta kila Jumapili. Insha yangu! Mwizi! Zamu yangu ikafika, sina nyingine. Nikasema yale yale, nikaongeza breki.
Mwenyekiti akauliza nani alitufundisha maajabu haya. Mwalimu akainuka na mkongojo wake. Nikajua anakuja kunikumbatia. Akatuamuru kila mtu kona yake, uso ukutani.
Tukaenda! Wazee wenye vitukuu!
Kamati ikapasuka kwa makofi. Mwenyekiti akasema mwalimu anayetiiwa hivi mpaka uzeeni hana mshindani. Tuzo ni yake! Aliyemvisha nishani? Mke wangu, mwanafunzi wake pekee ukumbini ambaye hakuwa ukutani. Mimi niliona ukuta tu. Wa kijani, rangi imebanduka. Lakini nilimsikia Mwalimu akicheka, akisema angalau baiskeli hufika inakokwenda. Nikacheka na ukuta wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Nasikia mwakani ni zamu ya mwalimu wetu wa hesabu. Nimeshajiandikisha. Naye atakuwa na magurudumu mawili. Safari hii nitayajumlisha.
Shemeji, najua ukija kunywa chai unachungulia humu. Tai baki nayo. Ila ndevu zangu zinakudai wembe, ahadi ni deni. Njoo kesho asubuhi, uje na sabuni yako. Siwezi kupanda jukwaani na kidevu cha beberu.