Vikombe vya Damu Bila Sindano

Latif aliiona riziki yake mtaani Wandegeya, Kampala, mbele ya kliniki iliyokuwa ikipima damu bure. Watu walifika mlangoni, wakaiona sindano, wakakumbuka wameacha kazi nyumbani. Aliwaelewa vizuri. Yeye mwenyewe aliiogopa sindano kuliko polisi.

Kesho yake alirudi na vikombe vidogo vya plastiki kutoka soko la Kikuubo, ndani yake sponji zilizoloweshwa maji ya bitiruti.

"Kibandike mkononi, kibonyeze, damu inapanda yenyewe! Ndugu yake chuku, ile pembe ya kuumikia, ila huyu amesoma. Ukitumie kesho alfajiri kabla ya chai, umletee musawo, daktari wako."

Kesho alfajiri yeye angekuwa mbali, mjini Jinja.

Vikombe vilikwenda kama sambusa za futari. Mkoba ukanenepa, ingawa mwenye mkoba alikuwa akitetemeka ndani ya koti, juani.

Bi Kaltumi, jjajja, yaani bibi mzee, wa Kinubi aliyekuwa kwenye foleni, alimtazama kwa huruma, akammiminia chai ya tangawizi kutoka chupa yake.

"Kunywa, mwanangu. Kifaa kimenipendeza. Hebu jipime wewe, tuone."

Latif akabonyeza. Wekundu ukapanda. Watu wakapiga makofi.

"Mashallah! Sasa twende umpe musawo."

"Jjajja, mimi si mgonjwa."

"Au hukiamini kifaa chako?"

Foleni nzima ikamgeukia. Latif akaingia ndani taratibu, kama maiti anayejipeleka mwenyewe makaburini.

Muuguzi Zuleika akakinusa kikombe. "Ssebo, damu hii inataka chumvi na ndimu." Akachukua sindano. Latif akageukia mlango.

Bi Kaltumi akamshika mkono. "Nitazame mimi. Ulipougua utotoni, mama alikupikia nini?"

"Maharage, jjajja. Anayachemsha mpaka yalainike, anasaga karanga, halafu..."

"Tayari," akasema Zuleika.

"Mmeanza?"

"Tumemaliza. Kaa hapo usubiri majibu."

Majibu yalikuwa malaria. Latif akapewa dawa, akatoka nje akitafuta njia ya Jinja. Akamkuta Bi Kaltumi akimrudishia kila mtu fedha zake.

"Kijana anawaomba radhi, vikombe vina kasoro," aliwaambia, nao wakamwombea Latif afya njema.

Latif akaupapasa mkoba. Ulikuwa mwepesi. Ndani mlikuwa na chapati moja ambayo hakuiweka yeye, imefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Jjajja! Ulizitoa saa ngapi?"

"Ulipofika kwenye karanga. Uliumia?"

Latif akafikiri, kwa uaminifu ambao hakuuzoea.

"Hapana," akasema. "Hata kidogo."