Taka Hazilali Nyumbani Mwangu

Jumatatu, 4 Machi
Shule sikuuona hata mlango wake. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, kwa mkaa, ukutani. Zinanitosha kusoma kompyuta ya mkaza mwanangu akiwa kazini. Leo nimesoma. Kuna folda imeandikwa "Mama": barua pepe mia mbili na kumi na mbili kutoka kwa mama yake mzazi. Chini kabisa, "Bibi". Ndiye mimi. Barua tatu, nilizomwandikisha mwanangu. Tunakaa nyumba moja, nimwandikie nini? Hata hivyo imeniuma. Kesho nitampunguzia mwenzangu kidogo. Kumi tu. Au ishirini.

Jumanne, 5 Machi
Nimebonyeza. Folda nzima imeondoka. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Mimi sijawahi kukosa hakika, nikakubali. Baadaye nikaikuta kwenye kapu la taka la humo humo ndani, pamoja na makorokoro mengine. Ningeirudisha. Lakini kapu lilikuwa limejaa, na taka hazilali nyumbani mwangu tangu niolewe. Nikalimwaga. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea.

Jumatano, 6 Machi
Mkaza mwanangu karudi, kafungua kompyuta, kaitafuta folda juu chini. Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema mama yake mikono inatetemeka siku hizi, hawezi tena kuandika. Hizo ndizo barua zake zote, hazitaongezeka nyingine. Akasema labda kakosea yeye mwenyewe. Nikamwacha aamini hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwita fundi kompyuta, mzee mwenzangu mwenye kipara. Nikamwambia ni panya. Akasema panya hajui kumwaga kapu. Akakagua. Kwenye kapu hamna, nakala ya akiba hamna, na kwenye mtambo wa barua pepe zilikopitia hakikubaki kitu. Akauliza nani aliziandika, maana mwandishi hubaki na zake kwenye folda ya zilizotumwa. Nikajua ninakopelekwa. Afadhali ningeambiwa nimeze kaa la moto.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempigia simu mkwe mwenzangu. Nikakiri yote, hata wivu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, dada yangu, miaka saba mimi nilikuonea wivu wewe, maana wewe ndiye unayemwona akiamka. Akaahidi kuzituma tena, moja moja, kwa mikono ile ile. Kisha nikamwambia mkaza mwanangu ukweli. Akanishika bega, akaniachia, akaenda kuosha vyombo. Bora angenitukana.

Jumatano, 13 Machi
Zimefika. Nimesoma ya kwanza kabisa. Mama anamwambia binti yake amvumilie mama mkwe: mdomo wake pilipili, lakini hatakuacha ulale njaa. Nimelia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Miaka saba ananisemea mema, nami nikamfagia kama maganda. Sitagusa tena kompyuta ya mtu.

Ila nimeona jambo. Kwa kule kutetemeka, maskini, nyingine kazituma mara mbili mbili. Zimerundikana ovyo. Mkaza mwanangu yuko kazini, atarudi amechoka, ayapange haya saa ngapi? Nitamwondolea za ziada tu.

Na kapu nalo, naona limeanza kujaa.