Breki za Pikapu ya Baba

Jumatatu, 6 Machi

Daktari amesema Baba aruhusiwe kutoka hospitalini keshokutwa. Dawa zimegonga mwamba. Mwenyewe hataki kingine, anataka akafie kitandani kwake. Simu nimeipokea mimi. Bahati iliyoje! Mdogo wangu, mwenye gari jipya na maneno mengi, hana habari. Nitamfuata Baba kwa pikapu yake mwenyewe, ile kuukuu aliyoniachia. Mtaa mzima uone mtoto ni nani.

Jioni nimeijaribu. Pedali ya breki imezama mpaka chini. Nimesimamishwa na pipa la taka.

Jumanne, 7 Machi

Fundi amechungulia kidogo tu, akasema masta silinda imekufa. Mipira ya ndani imeliwa, haisukumi tena mafuta kwenda magurudumuni. Ninunue mpya. Nimemwambia nitafikiria, nikaenda kwa muuza vyuma chakavu. Nimeikuta moja kwenye pikapu iliyopondeka mbele. Nikauliza kama ni nzima. Akasema ilikuwa nzima mpaka siku ya ajali. Mtu mcheshi. Nimeichukua.

Mdogo wangu kapiga simu: Baba anatoka lini, aje amchukue? Nimejibu daktari kasogeza hadi Ijumaa. Hospitali nao nimewaambia chumba chake bado kinapakwa rangi.

Jumatano, 8 Machi

Silinda imeingia! Imeondoka na ngozi ya vidole vyangu, lakini imeingia. Sasa ni kutoa upepo kwenye mabomba, kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwenzake yuko chini kwenye gurudumu, anafungua nati na kuifunga. Nimemweka mke wangu kwenye usukani. Nikisema shika, anaachia. Nikisema achia, anauliza aachie nini, pedali au ndoa? Mafuta yameniruka jichoni. Nikamtukana. Akashuka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Mdogo wangu anaijua kazi hii vizuri sana. Nimwite yeye? Thubutu!

Nimekata mpini wa ufagio. Nakanyaga, naubana kati ya kiti na pedali, nakimbilia nyuma. Mpini haujibu jeuri.

Muuguzi amepiga simu. Kila gari likiingia uani, Baba anauliza kama ni mimi. Nimesema amwambie Ijumaa.

Alhamisi, 9 Machi

Pedali laini kama sponji. Upepo bado umo. Fundi alipita njiani, akasema kwa mpini hautaisha, nitafute mtu. Nimesema namtafuta.

Muuguzi tena. Baba amefariki mchana huu, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni. Alivivaa tangu asubuhi na akakataa kuvuliwa. Alisema mwanawe yuko njiani.

Nilikuwa chini ya pikapu. Nimemalizia gurudumu lililobaki, kisha nikaenda kuoga.

Mdogo wangu amenitangulia hospitalini. Muuguzi ameshamwambia kwamba ruhusa ilikuwa ya jana. Hakunigusa. Ameuliza mara moja tu: kaka, ulikuwa na kazi gani? Nikamwambia breki.

Ijumaa, 10 Machi

Jamaa wamejaa. Wote nimewaambia daktari ndiye aliyechelewesha. Mama mdogo nimemwambia marehemu aliusia abebwe kwa pikapu yake mwenyewe. Amelia, amekubali. Mdogo wangu alikuwa ameshazungumza na mwenye gari la kukodi. Imekula kwake!

Alasiri kaja uani na spana mkononi, macho mekundu. Kaikanyaga pedali, bado sponji. Kasema hana haja ya kuongea nami, ila kwa ajili ya Baba nikae kwenye usukani nikanyage, yeye aingie chini, tuumalize huo upepo. Ati atasema shika na achia tu, si neno jingine. Nimemwambia breki zimeshapona, aende akapokee wageni. Anataka kesho aseme pikapu kaitengeneza yeye!

Maziko ni kesho, saa nne asubuhi. Njia ya kwenda makaburini ni kupanda mlima mtupu, breki za nini? Wakati wa kurudi nitapakia wazee.