Murithi ya Askari Kangwa

Kazi moja, yaani Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Jibu imefika kutoka Bruseli! Miezi miwili nilingojea. Niliandikia bantu ya arshive, wanaotunza karatasi za majeshi ya Wabelgiji, nikauliza habari ya askari Kangwa, baba ya Bibi Clotilde, aliyeenda vita ya Abisinia asirudi. Nikaita majirani, nikasoma kwa sauti ile barua kwenye simu. Banasema askari Kangwa alifukuzwa jeshini mwaka 1938 kwa kuiba mbuzi ya padri.

Nikafunga simu haraka. Huyo si wetu! Nikaandika tena, safari hii na jina ya kijiji, kitu ambacho pengine ningepaswa kufanya tangu mwanzo.

Bibi ni mama ya baba yangu. Kangwa alipoenda vitani, yeye alikuwa tumboni. Walimudanganya utoto wake wote kwamba baba atarudi. Na kwa sababu hakuna aliyehakikisha kifo, jina ya muzee haikupata murithi. Bibi iko na miaka 84. Anataka jambo moja kabla ya kufa: aone muntu amekaa mahali pa baba yake, anakunywa munkoyo ya mahindi, anaitwa Kangwa. Huyo muntu Bibi atamwita baba, kwa mara ya kwanza maishani.

Mimi pia nataka. Lakini kwa sababu zangu. Yenga hii, Jumapili, chama ya familia za askari waliokufa vitani itachagua prezida, na prezida lazima awe murithi ya askari. Tuko wawili tunaoitaka ile nafasi: mimi na Godefroid wa farmasi ya kona, kijana anayevaa kravati shingoni hata akienda kununua makala ya kupikia. Yeye hana hata askari mugonjwa katika familia, sembuse aliyekufa!

Kazi tatu, tarehe 6

Amekufa! Amekufa kweli! Na jina ya kijiji, Bruseli wamepata Kangwa wetu kwa siku mbili tu: Julai 1941, milimani kule Saio, Abisinia, akazikwa huko huko. Nikatoka kwenye barabara nikipiga kelele kwamba amekufa. Wamama wa avenue yetu wakaja mbio, vitambaa tayari kichwani, wakaanza kulia. Nikawaeleza ni tangu 1941. Wakanitukana, wakarudi kwa vyungu vyao.

Bibi hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye sementi akalia polepole. Akaniuliza kama kulikuwa na muntu pembeni yake alipokufa. Sikujua. Niliona haya kidogo. Ilipita nilipoona bukari, ile ugali yetu, mezani.

Kurithisha jina: siku ya posho, Jumamosi, kwetu hapa Katuba, Lubumbashi. Yaani siku moja tu kabla ya uchaguzi. Mungu ananipenda.

Kazi ine, tarehe 7

Murithi bila bantu ya kumushuhudia ni bure. Kwa hiyo nimepeleka tangazo redioni: wote wenye kujua askari Kangwa, au wenye damu yake, wafike posho kwa Symphorien. Ndiyo, jina yangu wameisoma mara tatu. Sauti ya yule mutangazaji ni muzuri sana.

Bibi alitaka kunieleza kitu juu ya dada ya baba yake. Nikamwambia baadaye, Bibi, niko kwa fundi, napima suti.

Mwaliko ya Godefroid nimeipeleka mwenyewe. Aje aone! Akanishukuru kwa adabu, ile adabu yake ya kunichokoza.

Posho, tarehe 9

Nataka kuhama huu muji.

Kiti ilikuwa katikati, na kitambaa nyeupe, na kibuyu ya munkoyo pembeni. Nikakaa. Bazee wakatazamana. Bibi akaniuliza nafanya nini pale. Nikajibu: narithi. Walicheka mpaka mumoja akamwaga munkoyo kwenye suruali yangu.

Kumbe kwa desturi ya bantu ya Bibi, jina ya mwanaume inaenda kwa batoto ya dada yake na uzao wa mabinti wao. Sisi uzao wake mwenyewe tunapiga makofi tu. Bibi anasema ndiyo kile alitaka kunieleza kazi ine. Sasa kwa nini hakupiga kelele?

Halafu Mama Nono akasimama. Mama ya Godefroid! Alisikia redio, anasema. Bibi yake aliyezaa mama yake alikuwa dada ya askari Kangwa. Redio yangu! Tangazo yangu! Bibi akamushika mikono. Alikuwa amemutafuta huyo shangazi na batoto yake mpaka akakata tamaa, na wako hapa hapa Lubumbashi wananunua mboga kwenye soko moja.

Wakanitoa. Wakaketisha Godefroid na kravati yake. Bibi akapiga magoti, na magoti yake vile yanauma, akapiga makofi taratibu, akasema: Baba, umekawia. Akaguswa mashavu na kijana wa farmasi, akafumba macho. Nililia. Niliwaambia ni moshi ya makala.

Kisha wote wakanigeukia. Baba ya Bibi yako, unamwita nani? Nikajibu: Nkambo, yaani babu. Basi musalimu! Mimi, na ndevu zangu za mvi, kwenye vumbi, na suti mupya: Nkambo. Akanishika kichwa, akaniombea nikue vizuri. Muchafu huyo!

Yenga, tarehe 10

Prezida ni Nkambo Godefroid. Mimi pia nilimupigia kura. Bazee walisema mujukuu hashindani na nkambo wake. Baadaye akanituma maji ya kunywa, mbele ya bantu wote, na ya baridi.

Kazi moja, tarehe 11

Nimefikiri vizuri, na desturi sasa naielewa. Si ya kulalamika, ni ya kutumia! Mimi narithi upande ya mama. Na mama yangu iko na kaka, Mujomba Stanislas wa Kampemba, askari tangu ujana.

Nimeenda asubuhi na nanasi. Nimemukuta juu ya paa, anapiga misumari na kuimba. Nikamuuliza kama hakohoi. Hapana. Nikamuuliza kama hakuna vita mahali wanakomuhitaji. Akacheka, akasema jeshi imemupa pansheni mwezi huu, sasa atapumzika na kulima maharage, na akala nanasi yote.

Bantu wengine hawafikirii familia hata kidogo.