Kinyesi cha Fungo na Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamua. Nitasomea wanyamapori mpaka uzamivu, kama dada. Yeye anachunguza fungo, yule mnyama wa usiku mwenye madoa, anakula nini. Njia yenyewe? Kuokota kinyesi chake msituni na kukipekua. Kusoma kote kule! Gari la utafiti la kwenda msituni Jumapili limebakiza kiti kimoja, cha nyuma. Nakitaka kwa kufa na kupona. Binamu naye anakitaka. Yeye ana mdomo, mimi nina haya. Dada kanikabidhi vifuko vya kinyesi nivilinde kwenye friza. Nikivilinda vyema, kiti changu.

Jumanne, 5 Agosti
Mama alikuwa akitafuta nyama. Akafungua kifuko. Ukelele kama ule sijapata kuusikia! Kifuko jalalani, gari la taka likapita. Akasema friza yake si choo cha msitu. Kwisha mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Akili ni mali. Mbwa wa jirani ana kinyesi tele, na hana choyo. Nimejaza kifuko kipya. Binamu akaniuliza nachuchumalia nini bustanini kwa watu, au ndiko nilikoficha soksi yake ya mpira. Nikamwambia nafanya sayansi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Jioni dada akavibeba vyote maabara.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Dada karudi anacheka na kulia. Eti kwenye kinyesi kuna kipande cha kitambaa chekundu. Profesa wake anasema fungo wameanza kuvamia nyumba za watu, sura nzima ya tasnifu iandikwe upya. Nilitaka kusema. Nikaenda kuosha vyombo visafi.

Jumamosi, 9 Agosti
Profesa kaja kuwaona wasaidizi. Akanisalimu, nikamwitikia nikiangalia mlango. Dada akatoa kichupa chenye ushahidi. Binamu akakodoa macho, akapiga kelele kwamba hiyo ni soksi yake. Wote wakamgeukia. Kisha, polepole, wakanigeukia mimi. Nje mbwa akabweka. Nani kamuuliza? Nikatapika ukweli wote huku nikitazama vidole vya miguu. Dada akasema nilitaka kumzika hai pamoja na shahada yake. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kiti kapewa binamu. Eti ana jicho la kutambua sampuli!

Jumapili, 10 Agosti
Wameondoka. Binamu kanipungia mkono kwenye dirisha la nyuma. Mimi nasugua friza. Ila dada ana moyo: kaniachia kamera moja ya msituni, niifunge uani nipige picha za wanyama wa kweli. Wa kweli tu, akarudia. Nimemsikia.

Lakini paka wa jirani, ukimtazama kwa jicho moja, ni fungo mtupu. Amepungukiwa madoa tu. Na masizi yapo jikoni.